Dada Juu, Kaka Chini

Mabega yangu ndiyo yaliyostaafu kwanza. Mimi nilikuwa bado nataka kazi. Asubuhi moja niliinama kunyanyua jiwe la msingi, jiwe la kawaida kabisa, nalo likakataa. Dativa akalichukua mikononi mwangu, kama mtu anavyompokea mgeni mzigo. Nikajua.

Dativa nilimfundisha uashi mimi, na sasa ana kikundi chake cha mafundi hapa Kamembe. Yeye ndiye aliyenisumbua niandike. "Andika, Maman Neema," aliniambia. "Hawa batoto banaanza kazi leo banafikiri nyumba inaanza na karo." Basi naandika, kwa ajili ya hao wanaofikiri nyumba inaanza na karo, vile vigae vya sakafuni. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa fundi wa mawe hapewi cheo. Hupewa ukuta mwingine.

Nilizaliwa Bukavu, nikaolewa ng'ambo hii ya Rwanda, Muganza, ambako malori ya saruji hupita mpaka ukazoea kulala kitanda kikitetemeka. Niliingia kazi ya ujenzi kwa sababu moja tu: palikuwa karibu na nyumbani. Siku ya kwanza nilikwenda na kandambili. Nilibeba chokaa ya saruji kichwani kwenye karai, ikanichuruzika shingoni, ikanidondokea vidoleni, na jioni vidole vya miguu vilikuwa vimechubuka kama nimekanyaga makaa. Wanaume walicheka. Siku ya pili nilikwenda na viatu vya mume wangu, wakacheka zaidi, lakini vidole vilipona. Hilo ndilo somo la kwanza: chekwa ukiwa umevaa viatu.

Mwanamke wakati ule alibeba tu. Mwiko hakuushika. Aliyenipa mwiko ni Mzee Rajabu, mwashi wa mawe kutoka uwanda wa Bugarama, Mwislamu wa kofia safi hata siku za matope. Alikuwa na mpunga wake huko chini, na kila msimu wa kuvuna alipotea kazini bila kuaga, akarudi na gunia la mchele kama msamaha. Kabla ya kuliweka jiwe aliligonga kwanza, akalisikiliza. Siku moja msaidizi wake alikwenda msibani, naye akanitazama nikipanga mawe pembeni ili nipate pa kukalia.

"Mikono yako haina haraka," alisema. "Shika huu mwiko."

Wenzake wakanung'unika kwamba mwanamke ataupinda ukuta. Mzee Rajabu akawajibu bila kuinua kichwa: "Ukuta haujui ni nani ameujenga. Unajua tu kama alikuwa anasinzia."

Alinifundisha timazi, alinifundisha kulilaza jiwe kwa tumbo lake, lakini zaidi ya yote alinifundisha maji. Kwenye milima hii, alisema, ukuta hauangushwi na udongo. Huangushwa na maji yaliyojificha ndani ya udongo. Alinipeleka chini ya ukuta mmoja mrefu wakati wa mvua, akanionyesha maji yanavyotoka miguuni pake. "Yakitoka meupe, endelea na kazi yako. Yakitoka rangi ya chai, toka hapo chini. Na yakiacha kutoka wakati mvua bado inanyesha, usimuage mtu. Kimbia."

Kwa miaka mingi niliona meupe na niliona ya chai. Hayo ya tatu niliyaona mara moja tu, na ndiyo nitakayowaeleza.

Lakini kwanza lazima mjue nyumba zilivyokuwa, maana ninyi mmezikuta zimebadilika. Nyumba ya kijijini, Gitambi kwa mfano, ilikuwa ya rukarakara, yale matofali mabichi ya udongo yaliyokaushwa juani. Ilikuwa ndogo, na ilikaa pale ambapo mlima wenyewe uliacha kijisehemu cha kukalia. Jiko lilikuwa nyuma. Jirani aliingia kuazima moto bila kubisha. Mtu akipata saruji kidogo alipiga lipu upande unaotazama barabara, na pande tatu nyingine akamwachia Mungu.

Kisha watu wakaanza kurudi. Walitoka Kigali wengi wao, wachache Bukavu, ng'ambo: dereva aliyechoka na usukani, muuguzi aliyestaafu, mfanyabiashara ambaye duka lake lilifungwa, mtu aliyechoka tu kuishi nyumba ya kupanga. Walirudi kwenye mashamba ya wazazi wao, na kila mmoja alirudi na nyumba kichwani. Bwana mmoja alirudi na kochi kubwa ambalo halikupita mlango wowote wa kijiji kile. Tulilipima kochi kwanza, ndipo tukachora sebule. Nyumba nzima niliijenga kwa kipimo cha kochi.

Walitaka jiko ndani. Baada ya miezi waliniita niwajengee jingine nje, kwa sababu maharage ya hapa yanataka kuni na subira. Walitaka madirisha mapana, kisha wakanunua mapazia mazito ya kuyafunika. Siwacheki. Kijiji kilijifunza kwao pia. Vijana walipata ufundi, mabomba yalifika, na watu ambao hawakuwahi kuzilalamikia kuta zao wakaanza kuzitazama kwa jicho baya. Jirani hakuingia tena kuazima moto, kwa sababu sasa palikuwa na geti, na nyuma ya geti mbwa.

Ila zaidi ya vyote walitaka tambarare. Mahali pa gari, mahali pa maua, mahali pa viti vya wageni. Na Gitambi Mungu hakuweka tambarare. Aliiweka yote Bugarama, akawapa mpunga. Kwa hiyo mlima ulikatwa. Unakatwa kwa nyuma, udongo unasukumwa mbele, na mbele unazuiwa kwa ukuta wa mawe. Nyumba inakaa kwenye mlima uliokatwa, na kiwanja kinakaa kwenye udongo uliomwagwa. Kwa macho yote ni sawa, majani yameota, maua yamechanua. Chini yake kimoja ni mfupa na kingine ni uji.

Speransiya alikuwa mmoja wa waliorudi Gitambi. Huko Kigali alikuwa na karakana ya kushona magauni ya harusi. Mume alifariki, watoto wakaoa na kuolewa, naye akaona mji hauna tena cha kumwambia. Shamba la baba yao lilikuwa limegawanywa kwa sheria, binti na mwana sawasawa. Speransiya alipata sehemu ya juu. Mdogo wake Anastazi, ambaye hakuwahi kuondoka, alipata ya chini pamoja na nyumba ya wazazi. Alikaa humo na mkewe Vestina, watoto wao, na mama yao mzazi, ambaye miguu ilikuwa imekwisha kumwacha. Sisi wote tulimwita Mukecuru, yaani bibi kizee, kwa heshima.

Mgawanyo Anastazi aliukubali kwa mdomo. Lakini ile sehemu ya juu alikuwa ameilima tangu ujana wake, na ilikuwa na mibuni aliyoipanda kwa mkono wake. Mafundi wa dada yake walipokuja kutoka mjini waliing'oa asubuhi moja. Kuanzia siku hiyo hakumsalimia. Wakikutana njiani, mmoja aliangalia migomba, mwingine aliangalia mawingu. Mukecuru hakuwahi kupelekwa kuiona nyumba ya binti yake, ingawa kutoka kitandani, dirishani, aliuona ukuta wake wa mawe uliosimama juu ya migomba kama uso wa mtu mrefu.

Mimi niliitwa mwishoni, kupiga lipu vyumba vya ndani na kuweka sakafu ya jikoni. Ule ukuta wa mbele nilikuta umekwisha kujengwa. Haukuwa mbaya, nisiwaongopee. Nimejenga mbaya kuliko huo na umesimama hadi leo. Ila mwaka ule, mwezi wa nne, mvua ilikuja ikakaa kama mgeni asiye na kwao. Ilinyesha, ikapumzika kidogo, ikanyesha tena, na mlima ukawa unakoroma maji kila mahali, hata pale ambapo wazee hawakuwahi kuona chemchemi.

Speransiya alinipigia simu asubuhi. Kwa desturi alikuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo yalikuwa machache.

"Maman Neema, kuya mbio. Kiwanja imepasuka."

Nilikwenda na Dativa na mafundi wengine wawili. Hapa niseme kwamba watu wa kule waliongea Kinyarwanda siku ile yote. Nawaandikia kwa Kiswahili chetu cha huku, kwa sababu ndicho ninachokijua kuandika.

Ufa ulikuwa umekata kiwanja kutoka tangi la maji hadi karibu na geti, sambamba na ukuta, upana wa kidole. Speransiya alikuwa amekwisha kuufunika kwa turubai na kuondoa gari. Alifanya vyema. Nilichukua plasta inayokauka haraka, nikapaka viraka juu ya ufa, hapa na pale. Ufa ukitembea, kiraka kitakwambia. Kisha nikashuka kwa njia ya pembeni kuutazama ukuta kwa chini.

Ulikuwa na tumbo. Asubuhi hiyo sikuhitaji timazi. Katikati, mawe yalikuwa yamesogea mbele kama mtu anayetaka kuongea, na miguuni maji yalikuwa yanatoka mengi, rangi ya chai ya maziwa.

Nilipopanda tena, viraka vyangu vyote vilikuwa vimegawanyika. Plasta ilikuwa bado haijakauka vizuri.

"Nyumba yangu?" aliuliza Speransiya.

"Nyumba iko juu ya mlima wenyewe. Itabaki. Kiwanja ndicho kitashuka."

"Kitashukia wapi?"

Alikuwa anajua. Sote tulitazama chini, kwenye vigae vya zamani vya paa la Anastazi. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Mtu alikuwa anapika.

Mafundi wawili niliwapeleka nyuma ya nyumba kuchimba mtaro wa kuyageuza maji ya mlimani, na majirani wakaja na majembe bila kuitwa. Dativa alipanda kuifungua mifereji ya bati iliyokuwa inamwaga maji ya paa lote kiwanjani. Mimi nikashuka.

Anastazi alikuwa ameketi mlangoni chini ya ukingo wa paa, anatia mpini kwenye jembe. Nilimsalimu, akaitikia. Nikamwambia ukweli bila kuuvika nguo.

"Papa, mutoke sasa. Ule ukuta unakuya."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna muntu. Macho yangu."

"Macho yako inafanyia nani kazi?"

Ni kweli nilikuwa fundi wa dada yake. Nilimwomba aje aone maji mwenyewe. Alikataa. Akaweka jembe chini, akanionyesha ukuta kwa kidevu.

"Sikiliza, maman. Tukitoka humu leo, kesho watasema hapa ni mahali pa hatari, hakuna kurudi. Kisha kesho kutwa shamba lote ni la nani? Balishindwa kutufukuza na sheria, sasa banakuya na mvula."

Neno hilo nimelibeba hadi leo. Nilikuwa nimesimama kwenye matope, nasikia mvua ikizidi, na mbele yangu palikuwa na mtu mwenye akili timamu ambaye kila neno la kumwokoa lilikuwa kwake ushahidi wa wizi.

Mkuu wa kijiji alifika, kofia ya koti ikimdondoshea maji puani. Aliongea kwa adabu. Anastazi alimjibu bila kusimama: "Ni weye ulishikaka kamba ya kupima." Kweli mkuu alikuwa ameishika siku ya mgawanyo. Alisogea pembeni kupiga simu sektani, kwenye ofisi ya serikali, akarudi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watakuja, lakini barabara imekatika kule chini na hajui watafika saa ngapi.

Vestina hakungoja ruhusa ya mtu. Watoto wakubwa walikuwa shuleni. Alitoka na mdogo mgongoni, furushi la nguo kichwani na kuku kwapani, akapita katikati yetu akisema, "Miye nimesikia." Nilimwonyesha aende kando, kwa jirani wa upande wa pili wa bonde, asishuke moja kwa moja.

Wakabaki Anastazi mlangoni na Mukecuru kitandani. Mimi na mkuu wa kijiji tungeweza kumbeba kizee yule kwa nguvu? Nililifikiria. Lakini mwanawe alikuwa ameketi katika mlango ule wa pekee, mabega yake yakijaza fremu, na jembe lilikuwa karibu na mkono wake. Sisemi angelitumia. Nasema nililiona.

Ndipo Speransiya akashuka. Hakufuata njia ya pembeni. Alikuja moja kwa moja kupitia migomba, chini kabisa ya lile tumbo la mawe, viatu vimebaki matopeni. Alifika mlangoni. Anastazi hakumpisha. Dada yake akainua gauni, akavuka mguu wake kama mtu anavyovuka gogo, akaingia ndani, akaketi kitandani kwa mama yao.

"Toka ndani ya nyumba yangu," alisema Anastazi. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu mibuni ing'olewe.

"Nilizaliwa humu."

"Toka."

"Ukuta ni wangu," alisema Speransiya. "Ukianguka, na mimi uniangukie. Sitoki mpaka mutoke. Na ukisema ni ujanja wa shamba, basi nitakufa na ujanja wangu hapa hapa."

Anastazi alimtazama. Mara ya kwanza niliona shaka usoni pake, na shaka hiyo ilinipa matumaini. Nikatoka mbio kuzunguka nyumba kuutazama ukuta.

Mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu zake zote. Na miguuni mwa ukuta maji yalikuwa yamekoma. Mawe ya chini yalikuwa yanang'aa tu, yamelowa, hayatoi hata tone. Kutoka ndani nilisikia mlio mdogo, kama mtu anavunja karanga.

Sikumbuki nilivyorudi mlangoni. Wala sikumbuki vizuri nilisema nini. Dativa, aliyenisikia kutoka juu ya paa, anasema nilitukana. Mimi nakataa. Ninachokumbuka ni kwamba wale wawili walinitazama wote pamoja bila kunielewa, kwa sababu maji yaliyokoma si jambo la kumtisha mtu ambaye hakulelewa na Mzee Rajabu.

Aliyeelewa ni Mukecuru. Sijui alielewa maji au alielewa uso wangu. Siku ile yote alikuwa hajasema kitu.

"Anastazi," aliita.

"Mama."

"Shika kichwa. Speransiya, shika miguu. Mukikataa kushikana leo, mutaniacha nikufe nikijua nilizaa batu babili, na sikuzaa ndugu."

Anastazi aliinuka. Waliushika mkeka aliokuwa amelalia, yeye kichwani, dada miguuni, mimi na mkuu wa kijiji tukachukua pande, tukatoka. Nilipiga kelele, "Kando! Musishuke, kando!" maana miguu ya binadamu ikiogopa hutaka kuteremka, na udongo nao huteremka, na udongo una mbio zaidi. Tulikata kushoto kwenye migomba. Anastazi alikanyaga mahali laini, mguu ukazama hadi gotini, akaanguka. Mkeka haukugusa chini. Aliushikilia juu kwa mikono miwili, kifua chake kikiwa matopeni, mpaka Speransiya akarudi nyuma, akauvuta mkeka upande wake ili kaka yake apate kusimama.

Hatukuwa mbali ukuta ulipoondoka. Watu hudhani ni kishindo. Kwanza ilikuwa sauti nzito ya chini, kama lori linamwaga kokoto mahali fulani mbali. Kisha kiwanja chote kikashuka kwa pamoja, taratibu kabisa, geti likiwa limesimama wima na maua yake pembeni, kama mtu anashuka ngazi. Kikapita juu ya mawe yake mwenyewe, kikaingia nyumba ya wazazi wao kwa nyuma, upande wa chumba cha Mukecuru. Paa likakunjika. Vigae vikalia kwa muda mrefu. Hapakuwa na vumbi, kila kitu kilikuwa kimelowa. Palikuwa na harufu tu, ile harufu ya udongo wa ndani ambao haujawahi kuona jua.

Mbuzi wa Vestina tulimkuta baadaye juu ya lundo la mawe, mzima, anatafuna waridi za Speransiya.

Speransiya alikuwa ameketi chini, bado ameshika miguu ya mama yake. Hakuiachia. Dativa alikuja akamfungua vidole kimoja kimoja. Anastazi alivua koti lake akamfunika mama yake, akasimama akitazama pale ilipokuwa nyumba. Kisha akamgeukia dada yake. Hakuangalia migomba wala mawingu.

Mambo hayakuisha hapo, na wale wanaopenda kila kitu kiishe kwa kukumbatiana waache kusoma. Sekta ilisema kile Anastazi alichokiogopa: chini pale hapajengwi tena. Alisikia akatikisa kichwa kama mtu anayesomewa barua aliyoijua. Shamba lilibaki lake la kulima, lakini nyumba, hapana. Alipewa mahali katikati ya kijiji. Mukecuru akasema yeye hahami kumwacha mtoto mmoja ili akae na mwingine, wamzike mahali popote wanapopatana.

Speransiya ndiye aliyeniita. "Ile nyumba, kuna mahali pa kuiongeza bila kukata mlima?" Nilipima. Palikuwapo, upande wa kulia, kwenye mlima mgumu, kama ungekubali kushuka ngazi mbili badala ya kusawazisha. Hapo ndipo nilipojifunza mwisho wa kazi yangu nilichopaswa kuwaambia wateja wote tangu mwanzo: nyumba inaweza kuinama kidogo kuufuata mlima. Haivunjiki heshima.

Anastazi alikubali kwa masharti. Mlango wake mwenyewe. Jiko lake mwenyewe, la nje, la kuni. Na kati ya upande wake na upande wa dada yake, ukuta mzima.

"Hata shimo la panya lisikuwe," aliniambia.

Nilijenga. Unene wa tofali zima, lipu pande zote mbili. Upande wa Speransiya alitaka karo nyeupe hadi juu, nikaziweka. Mukecuru alikaa upande huo, chumba cha mwisho, kwa sababu sakafu ilikuwa sawa na choo kilikuwa ndani. Speransiya alinunua miche ya mibuni, akaiacha mlangoni kwa kaka yake bila kubisha. Kesho yake nilimwona Anastazi akiipanda kwenye ule udongo uliomwagika, na katikati akipanda majani ya kuushika. Hakushukuru. Alipanda kwa mistari iliyonyooka sana.

Kila asubuhi na kila jioni alitoka mlangoni kwake, akazunguka nyumba nzima, mvua au jua, akabisha kwa dada yake kama mgeni, akaingia kumwamkia mama, akatoka, akazunguka tena. Dada alimfungulia. Walisalimiana kwa maneno yale machache ambayo huwezi kuyakwepa. Mimi nikamaliza, nikakusanya vyombo, na miezi michache baadaye lile jiwe nililowaambia likanikataa.

Nilikuwa nyumbani, nimestaafu, nachambua mchele, simu ikalia.

"Maman Neema, ni Anastazi. Nimetoboa ule ukuta."

"Umetoboa na nini?"

"Na nyundo."

"Kwa nini hukuniita kwanza?"

"Mama anakohoa. Kule kwangu nilikuwa namusikia. Kuzunguka ni mbali."

Nilimchukua Dativa tukaenda. Alikuwa ametoboa vibaya sana, tundu limepinda, kimo cha mtu aliyeketi, matofali yamejaa sakafuni. Na upande wa pili tulimkuta Speransiya amepiga magoti, kitambaa kichwani, akibandua karo zake nyeupe moja moja kwa kisu cha jikoni na kuzipanga pembeni. Alikuwa amesikia nyundo tangu pigo la kwanza, Vestina alituambia. Hakuuliza. Alianza tu kubandua kutoka upande wake.

Tulipanua tundu likawa la kupita mtu, tukalinyoosha, tukachanganya saruji. Niliuliza kama watatia mlango wa mbao au wa chuma, nimpigie seremala. Speransiya akaendelea kupanga karo zake, nikaelewa kwamba nimeuliza upumbavu: hawakutaka cha kufunga. Tukainua linta, ile boriti ya kukaa juu ya mlango. Mikono yangu haikuwa na nguvu tena, nikashika pima maji tu. Dativa alisimama upande mmoja, Anastazi upande mwingine, linta juu ya vichwa vyao, wakingoja niseme sawa.

Mukecuru akalalamika kutoka kitandani kwamba vumbi limeingia kwenye uji wake. Speransiya akachukua bakuli, akasema anakwenda kumpashia mwingine kwa Vestina, maana huko moto ulikuwa unawaka. Tulikuwa tumejaza njia. Hakuzunguka. Alikuja pale pale, akainama, akapita chini ya mikono ya kaka yake.